Lusini Nyumbani: Kitoweo cha Sungura na Mbuzi wa Mjini

Tangu mwezi wa Oktoba 2021, mnyama wa kufugwa nchini Burundi haruhusiwi tena kuzurura. Sheria iliyopitishwa Oktoba 2018 iliwapa wafugaji muda wa miaka 3 wa kujitayarisha, na muda huo ulipokwisha, ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na hata kuku walitakiwa kukaa bandani. Zamani mtoto aliswaga mbuzi kuyafuata majani. Leo majani ndiyo yanayopaswa kumfuata mbuzi. Mabadiliko hayo yana faida zake. Mimea ya jirani haiharibiwi, magomvi yamepungua, na samadi hukusanyika pahali pamoja ikasubiri kupelekwa bustanini. Lakini yameacha swali moja ambalo kila mwenye banda hana budi kulijibu kila asubuhi: majani yatoke wapi?

Swali hilo ni zito zaidi katika mji wa Bujumbura. Mitaani Buyenzi, Bwiza, Kamenge, Kinama na Musaga nyumba zimebanana, na ua wa familia aghalabu hauzidi hatua chache. Familia za askari na polisi, nyingi zikiwa katika nyumba za kupanga au kambini, hazina shamba la karibu. Wakati wa mvua majani hupatikana kandokando ya barabara na mitaro, ingawa si yote yaliyo safi. Ifikapo Juni, mvua ikishakoma, ukavu huanza na kuendelea hadi Septemba. Hapo sungura hulishwa maganda na majani makavu, majike hukosa maziwa, na watoto wao hufa kabla ya kufungua macho.

Jambo hilo si dogo kwa afya ya nyumba. Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Burundi mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kudumaa kuna sababu nyingi, lakini moja inayojulikana ni sahani isiyokuwa na nyama, yai, samaki wala maziwa kwa siku nyingi mfululizo. Banda dogo la sungura au kuku watano wa mayai laweza kupunguza pengo hilo, ikiwa wanyama wenyewe wanakula vyema.

Kwa ajili hiyo baadhi ya wafugaji wa mijini wamekuwa wakiulizia jani linaloitwa alfalfa. Wakulima wa Kenya huliita lusini, na wasemao Kifaransa huliita luzerne. Maswali yanayoulizwa ni mawili: je, laweza kuota katika ua wa Bujumbura, hata ndani ya debe? Na je, linastahili taabu yake? Jibu la swali la kwanza ni ndiyo. Jibu la swali la pili ni ndiyo pia, kwa sharti kwamba mfugaji ajue kazi ambayo jani hili laweza kuifanya na kazi ambayo haliwezi.

JANI LA FARASI WA VITA

Lusini ni ndugu wa maharage na kunde. Asili yake ni nchi za Uajemi na jirani zake. Jina alfalfa limetoka katika Kiarabu, nacho kililichukua kutoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya chakula cha farasi. Mwandishi wa Kirumi Pliny alieleza kwamba jani hili liliingia Ugiriki katika vita vya mfalme Dario wa Uajemi, karne ya 5 kabla ya Kristo. Jeshi lililokuwa na farasi wengi halikuweza kutegemea nyasi za njiani tu. Kwa hiyo tangu kale lusini imekuwa sehemu ya mahitaji ya askari, kama unga na viatu.

Katika Oman jani hili hupandwa tangu zamani chini ya mitende, likinyweshwa maji ya mifereji iitwayo falaji, na kukatwa kwa ajili ya mbuzi na ng'ombe wa nyumbani. Katika nyanda za juu za Kenya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa hulipanda katika vipande vidogo karibu na zizi. Hivyo Oman na Kenya zinatoa funzo moja: lusini si lazima iwe mali ya mashamba makubwa ya mashine. Yaweza kuwa jani la uani, likatwalo kwa mundu na kubebwa mkononi.

Sifa yake kubwa ni protini. Katika kila gramu 100 za lusini iliyokaushwa vyema mna gramu 16 hadi 20 za protini, ilhali matete yaliyokomaa hayafikishi gramu 10. Tena lusini haihitaji mbolea nyingi ya nitrojeni, kwa kuwa bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake huichukua nitrojeni kutoka hewani na kuupa mmea. Mzizi wake mkuu hushuka mita 2 na zaidi ardhini kutafuta maji. Ikishashika, hukaa miaka 3 hadi 5, ikikatwa na kuchipua tena bila kupandwa upya.

UGALI NA KITOWEO

Kabla ya kununua mbegu, inafaa kufanya hesabu. Lusini iliyotunzwa na kunyweshwa maji hutoa tani 10 au zaidi za majani makavu kwa hekta moja kwa mwaka. Hekta ni mita za mraba 10,000. Kwa hiyo mita moja ya mraba hutoa kiasi cha kilo 1 ya majani makavu kwa mwaka, ambayo ni sawa na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi.

Pipa la lita 200 likikatwa katikati hutoa vyombo viwili ambavyo jumla ya nafasi yake ni nusu mita ya mraba. Vyombo hivyo vitatoa kilo 2 hadi 2.5 za majani mabichi kwa mwaka. Sungura mkubwa mmoja akilishwa majani mabichi peke yake hula karibu nusu kilo kwa siku. Maana yake ni kwamba mavuno ya mwaka mzima ya pipa hilo ni chakula cha sungura mmoja kwa siku 4 au 5 tu. Kwa mbuzi si chakula hata cha siku moja.

Mtu akiishia hapo ataitupa mbegu. Lakini hesabu hiyo inafanana na ya mtu anayepima mboga kana kwamba ni ugali. Hakuna nyumba inayoshibishwa na kitoweo peke yake, wala hakuna anayependa ugali mtupu. Matete, nyasi za kawaida, majani ya viazi vitamu na maganda ya ndizi ndiyo ugali wa mnyama. Hayo hujaza tumbo. Lusini ni kitoweo. Hutolewa kidogo, kwa mnyama anayeihitaji zaidi, kwa wakati anaoihitaji.

Wakati huo wajulikana. Sungura jike hubeba mimba siku 30 au 31. Wiki ya mwisho ya mimba na wiki 4 za kunyonyesha ndizo siku anazohitaji protini na madini ya chokaa kuliko siku nyingine zote. Jumla yake ni siku 35. Akipewa gramu 60 za lusini kila siku, yaani konzi moja ya mkono, atatumia kilo 2.1. Basi pipa lile lile lililoonekana kuwa bure linatosha kumsaidia jike mmoja katika uzazi mmoja kila mwaka. Kipande cha mita 10 za mraba kando ya ukuta kitatoa kilo 40 hadi 50. Hicho chaweza kuwapatia majike wawili konzi mbili au tatu kwa siku katika uzazi minane. Huo ndio uzito halisi wa jambo lenyewe, na ni vizuri familia iufahamu kabla ya kuanza.

HEWA NA UDONGO WA BUJUMBURA

Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kiasi cha mita 775 tu juu ya usawa wa bahari, katika bonde la Imbo. Kuna joto mwaka mzima, na hakuna baridi ya kuilaza lusini. Hilo ni jema, maana jani hukua bila kupumzika. Lakini mnunuzi wa mbegu hana budi kuulizia aina za nchi za joto, ambazo hazilali wakati wa baridi. Miongoni mwa aina hizo ni Hairy Peruvian na CUF 101. Mbegu za aina zilizokuzwa kwa ajili ya nchi zenye theluji hazifai.

Kuhusu udongo, lusini haipendi uchungu wa asidi. Udongo wa milima mirefu ya Burundi kwa sehemu kubwa una asidi, na huko jani hili hudhoofika mpaka udongo utiwe chokaa. Bonde la Imbo lina nafuu katika jambo hilo, lakini lina aibu zake mbili. Ya kwanza ni chumvi. Baadhi ya maeneo ya bonde la Ruzizi yana udongo wenye chumvi, unaojulikana kwa utando mweupe juu ya ardhi wakati wa kiangazi. Pahali penye utando huo pasipandwe. Ya pili ni maji yanayotuama. Lusini iliyozingirwa na maji kwa siku chache mizizi yake huoza. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda yakafunika viwanja vya Gatumba na baadhi ya mitaa ya ufukweni, na hata pasipo na mafuriko makubwa kama hayo, viwanja vya chini hujaa maji mvua za Machi na Aprili zinapopiga.

Anayeishi katika viwanja vya chini na ainue tuta lake hadi urefu wa goti, au apande katika vyombo. Kwa kweli hapo ndipo faida kubwa ya chombo inapoonekana: mwenye chombo huchagua udongo wake na kiasi cha maji yake.

VYOMBO NA UDONGO WAKE

Chombo chochote chenye kina cha sentimita 30 au zaidi chaweza kutumika. Cha sentimita 45 ni bora. Bidoni la lita 20 likatwe upande wa juu na kusimamishwa. Pipa likatwe katikati. Gunia imara, beseni refu lililopasuka na tairi mbili zilizopandanishwa vyote vinafaa. Lakini bidoni lililowahi kutiwa dawa za kuua wadudu au kemikali lisitumiwe kamwe, hata likioshwa mara kumi, kwa kuwa sumu inaweza kupita katika jani hadi kwa mnyama, na kutoka kwa mnyama hadi mezani.

Chini ya chombo pawe na matundu yasiyopungua 6, kila moja likiwa na upana wa kidole kidogo. Chombo kipandishwe juu ya matofali au mawe ili maji yatoke. Sahani ya kukinga maji isiwekwe chini yake. Maji yanayosimama huzaa mbu, na malaria ya Bujumbura haihitaji msaada wa mtu yeyote.

Mchanganyiko unaofaa ni sehemu 2 za udongo mweusi wa juu, sehemu 1 ya mchanga, na sehemu 1 ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza miche na huleta mbegu za magugu. Mchanga ununuliwe au uchukuliwe panaporuhusiwa. Kingo za mto Ntahangwa zimekwisha kuliwa na maji kiasi cha kuhatarisha nyumba, na si halali kuongeza mashimo pale kwa ajili ya debe la majani.

MBEGU

Mbegu ya lusini ni ndogo mno. Gramu moja ina mbegu 400 hadi 500. Hununuliwa katika maduka ya pembejeo na dawa za mifugo, na kwa kuwa aghalabu imetoka mbali, yafaa kutazama tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Mbegu nzuri ni ya manjano au kijani hafifu na inang'aa. Iliyogeuka kuwa ya kahawia imezeeka.

Kabla ya kupanda, mbegu zipimwe. Mbegu 50 zihesabiwe na kulazwa juu ya kitambaa chenye unyevu, kisha kitambaa kikunjwe na kuwekwa kivulini. Baada ya siku 7 zilizochipua zihesabiwe. Zikiwa 40 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiwa chini ya 25, afadhali kutafuta nyingine. Kazi hii yafaa sana kwa watoto wa shule, ambao hujifunza hesabu na kilimo kwa wakati mmoja.

Pahali ambapo lusini haijapata kupandwa, bakteria wake huenda wasiwepo ardhini. Duka likiwa na unga wa bakteria wa lusini, mbegu zilowanishwe kidogo kwa maji yenye sukari, zichanganywe na unga huo kivulini, na zipandwe siku hiyo hiyo. Jua huwaua bakteria. Unga usipopatikana, konzi chache za udongo kutoka chini ya lusini yenye afya ya mfugaji mwingine zaweza kuchanganywa na udongo wa chombo.

Onyo moja linastahili kuwekwa hapa. Mbegu za dukani mara nyingine hupakwa dawa ya kuzuia ukungu. Hazifai kuliwa na mtu wala kupewa kuku. Kwa mboga ya watu, Bujumbura ina lengalenga na sombe. Lusini iachiwe wanyama.

KUPANDA NA MIEZI MITATU YA KWANZA

Kwa wanaopanda ardhini, wakati bora ni baada ya mvua za kwanza, mwezi wa Oktoba au Novemba, ili mizizi iwe na miezi 7 ya kushuka kabla ya ukavu wa Juni. Kwa wanaopanda katika vyombo, wakati wowote wafaa, ila wakati wa mvua kubwa chombo kikingwe, kwa sababu matone mazito hufukua mbegu na unyevu uliozidi huozesha miche.

Mita moja ya mraba huhitaji gramu 2 za mbegu, yaani nusu kijiko cha chai. Katika bidoni la lita 20 hutosha mbegu 30. Ardhini, mistari iachane kwa sentimita 20 hadi 25. Mbegu zichanganywe na mchanga mkavu ili zisambae sawasawa, zimwagwe juu ya udongo uliolainishwa na kushindiliwa kidogo, kisha zifunikwe kwa udongo mwembamba usiozidi sentimita 1. Kosa linaloharibu upandaji mwingi ni kuzika mbegu hii kama ya maharage. Mbegu ndogo ina akiba ndogo. Ikizikwa mbali, nguvu humwishia njiani kabla ya kuona jua.

Maji yatolewe kwa kopo lenye matundu madogo, asubuhi na jioni, mpaka miche itokeze. Hutokeza baada ya siku 3 hadi 7. Baada ya hapo maji yapunguzwe kiwe kipimo kimoja kwa siku, na baadaye kila baada ya siku 2 au 3, kwa kuingiza kidole katika udongo na kuona kama unyevu bado upo. Maji yaliyooshea mchele na mboga yanafaa. Maji ya sabuni nyingi au ya dawa ya kung'arisha nguo hayafai.

Miche ikifikia urefu wa kidole, katika bidoni wabakizwe 8 hadi 10 walio na nguvu. Miezi 2 ya kwanza ni vita na magugu. Lusini changa haina haraka ya kukua juu, kwa kuwa nguvu zake zote zinashuka katika mzizi. Familia nyingi hukata tamaa katika kipindi hicho zikidhani mbegu ilikuwa mbovu. Palizi ya mkono ifanywe kila wiki, na kuku wazuiwe kwa wavu au miiba.

Baada ya wiki 6 hadi 8, mche mmoja ung'olewe kwa uangalifu na mizizi ioshwe. Yatafutwe magoli madogo, membamba kuliko punje ya mtama. Hivyo ndivyo vinundu. Kimoja kikikatwa kwa ukucha na ndani kikawa na rangi ya waridi, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, au visiwepo kabisa, mmea utahitaji samadi zaidi ili usiwe wa manjano.

Vidukari wakionekana chini ya majani, waoshwe kwa maji ya kopo yenye nguvu, au sehemu iliyoshambuliwa ikatwe. Dawa kali za wadudu ziepukwe juu ya jani litakalokwenda bandani.

KUKATA KWA NIDHAMU

Mkato wa kwanza ungojewe. Usifanywe mpaka maua machache ya zambarau yachomoze, baada ya siku 70 hadi 90 hivi. Anayekata mapema hula mtaji wake, kwa maana mzizi haujapata kuweka akiba. Baada ya hapo, katika joto la Bujumbura, jani laweza kukatwa kila baada ya siku 30 hadi 40, maua yanapoanza tu. Yakishachanua yote, mashina huwa magumu na protini hupungua.

Mkato uache kisiki cha upana wa vidole vinne juu ya udongo. Kisu au mundu uwe mkali, maana kung'oa kwa mkono hutikisa mzizi. Mara moja kwa mwaka mmea uachwe uchanue wote kabla ya kukatwa ili urudishe nguvu.

Majani yaliyozidi yaanikwe kivulini penye upepo, juu ya gunia, kwa siku 2 au 3. Yakianikwa juani kupita kiasi, majani hukatika na kubaki vijiti, ilhali protini nyingi iko katika majani. Yakikauka vizuri hufungwa katika kiroba na kuwekwa kwa miezi ya ukavu. Yaliyoota ukungu yatupwe.

Baada ya miaka 3 au zaidi mimea itaanza kuwa haba. Hapo mwenye bustani asijaribu kuziba mapengo kwa mbegu mpya. Lusini kongwe huacha ardhini vitu vinavyozuia mbegu za aina yake yenyewe kuota. Ang'oe yote, na mahali hapo apande lengalenga au mahindi, yatakayonufaika na nitrojeni iliyoachwa. Udongo wa bidoni umwagwe katika bustani ya mboga, na bidoni lijazwe udongo mpya.

KULISHA BILA KUUA

Kitoweo kizuri kikizidi hugeuka sumu. Mbuzi, kondoo au ng'ombe mwenye njaa akipewa lusini mbichi yenye umande, tumbo lake laweza kujaa gesi. Ubavu wa kushoto huvimba na kulia kama ngoma, mnyama hupumua kwa shida, na bila msaada aweza kufa kwa muda mfupi. Ikitokea hivyo, aitwe daktari wa mifugo mara moja. Kinga ni rahisi: mnyama ashibishwe kwanza nyasi au matete, na lusini ikatwe na kuachwa inyauke kwa saa kadhaa kabla ya kupewa, tena kidogo.

Sungura naye azoeshwe taratibu. Siku ya kwanza apewe vijiti vichache, na kiasi kiongezwe kwa muda wa wiki nzima. Majani yaliyolundikwa yakapata joto au kuchacha yasitolewe kwake kamwe, maana huleta kuhara, na kuhara kwa sungura wadogo ni kifo. Majike wenye mimba na wanaonyonyesha, pamoja na watoto wanaokua, ndio wenye haki ya kwanza. Dume mkubwa asiye na kazi hahitaji lusini kila siku. Madini ya chokaa yakizidi mwilini mwake huathiri mkojo na figo.

Kuku wa mayai nao hupenda majani haya yakikatwakatwa, nayo hufanya kiini cha yai kuwa cha manjano yenye kukolea. Konzi moja kwa kuku 5 yatosha.

NYUMBA YA ASKARI

Familia ya mtumishi wa ulinzi ina taabu moja ambayo mkulima wa kawaida hana: uhamisho. Mtu hupanda leo, na barua humkuta kabla ya mavuno. Hapo chombo kina ushindi mwingine juu ya ardhi. Bidoni lenye lusini ya mwaka mmoja hupandishwa garini pamoja na vitanda na masufuria, likatiwa maji njiani, na likaendelea kutoa majani kituoni kupya.

Taabu ya pili ni baba au mama kuwa mbali kwa miezi. Kwa miaka zaidi ya 15, kuanzia Desemba 2007, maelfu ya wanajeshi wa Burundi walitumikia Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, na nyumba zao ziliendeshwa na waliobaki. Kazi isiyoweza kufanywa na mtu mmoja pamoja na watoto haifai kuanzishwa katika nyumba ya namna hiyo. Lusini ya vyombo kumi haizidi dakika 15 kwa siku. Mtoto mmoja amwagilie, mwingine apalilie, wa tatu akate. Na zamu ziandikwe ukutani kama zinavyoandikwa kambini.

Kabla ya kujenga banda, idhini iombwe kwa mkuu wa mtaa au mkuu wa kambi, na mtaalamu wa kilimo au wa mifugo wa eneo aulizwe juu ya udongo na magonjwa ya pahali hapo. Kisha liwekwe daftari dogo: tarehe ya kupanda, tarehe ya kila mkato, uzito wa majani, jike aliyelishwa, watoto aliozaa na waliofikia kuachishwa. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka ukiisha, daftari hilo litasema bila upendeleo kama mabidoni yale yameongeza nyama na mayai katika sahani za watoto. Yakiwa yameongeza, vyombo viongezwe. Yakiwa hayakuongeza, udongo huo huo utaotesha lengalenga, na hakuna kilichopotea.